Sauti ya Mama Mdogo

Ilianza Jumanne, saa nne asubuhi. Hadi leo, harufu ya majani mabichi ya chai ikinipata, hugeuka kutazama nyuma. Msinicheke.

Nilikuwa na miaka saba, nikiishi na nyanya yangu huku Nyaramba. Kitinda mimba wake, mama mdogo Kerubo, alikuwa amepata kazi Arusha, ng'ambo ya mpaka wa Namanga, mji ambako mataifa mengi ya Afrika hupeleka kesi na mikutano yao. Majirani wakiuliza ni kazi gani, nyanya alijibu, "Anaongea," nao walicheka, maana Kerubo alikuwa mtu wa kuongea tangu zamani. Lakini sasa siku nyingi zilikuwa zimepita bila simu yake, na nyanya alikuwa akiacha ugali wake jioni bila kuugusa.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumetoka kuchuma chai. Mjomba Ombati akaegemeza simu yake kwenye mkebe wa sukari, akasema mahakama ya huko inaonyeshwa moja kwa moja, huenda tukamwona dada yake. Hatukumwona. Tuliona mzee mwenye mvi, mgeni kabisa, amekaa peke yake mbele ya kipaza sauti. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mama mdogo.

Ilikuwa yake, hata kale kakikohozi kake. Midomo ya mzee ilitangulia na sauti ikafuata nyuma kidogo, kama mtu anayemnyemelea mwingine gizani.

"Nilijificha kwenye mtaro," ilisema. "Niliwasikia watoto wangu wakiniita. Sikuitika."

Kerubo hakuwa na watoto.

"Mama, anatafsiri tu kwa Kiswahili," mjomba alisema. "Yuko kwenye kijumba cha vioo, huyo mzee anaongea lugha yake."

"Ombati, mtoto wangu analia."

Kweli sauti ilikuwa ikitetemeka. Kisha ikakatika. Midomo ya mzee iliendelea kucheza bila kutoa chochote, halafu ikatoka sauti ya mwanamume tusiyemjua. Nyanya akachukua uteo wa kupepetea akaifunika simu, kama mtu anayefunika kifaranga. Tulipiga namba ya Kerubo mchana kutwa. Haikupatikana.

Sasa niko sekondari na nimeelewa. Mkalimani husema maneno ya mwingine kana kwamba yalimpata yeye. Mama mdogo alikuwa amembeba mzee yule siku zote hizo, na jioni hakubaki na sauti ya kutupigia. Alipozidiwa, mwenzake alimpokea.

Asubuhi iliyofuata simu ililia. Nyanya hakutaka kuishika, akanisukumia mimi, mimi niliyekuwa nikijificha nyuma ya gauni lake hata kanisani.

"Mama mdogo," niliuliza, "leo uko kwa mdomo wa nani?"

Akaniambia, kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kwamba leo ni yeye mwenyewe.

Nikampa nyanya simu.