Kila Mmoja na Dawa za Mwenzake

Habari zilimkuta fundi seremala akipiga randa mlango wa mteja, huku akisubiri saa ya kwenda kumwona mkewe wodini. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, mkoba wa dada yake ukining'inia begani.

"Shemeji, weka chini hiyo randa," alisema. "Dada ametutoka. Nimonia imemzidi nguvu."

Fundi aliketi juu ya mbao.

Mkewe alikuwa dobi wa hoteli, mwanamke wa maneno machache; wenzake walimwita Kamanda. Mungu alimjalia akili ya kuishi na watu. Yeye na mumewe walipogundulika kuwa na kisukari, daktari aliwaonya wasihangaike na sukari peke yake: presha, mafuta kwenye damu na sigara humsogeza mgonjwa wa sukari karibu na kiharusi na ugonjwa wa moyo. Siku hiyohiyo Kamanda akaondoa kikopo cha chumvi mezani. Fundi naye aliitikia "ndiyo, ndiyo", kisha vidonge vyake akawa anavifukia kwenye maranda ya mbao, maana hakuona panapomuuma.

Kamanda alivikuta akifagia karakana. Hakugomba. Alimkabidhi mumewe dawa zake yeye, akachukua za mumewe.

"Kuanzia leo simezi mpaka unipe wewe. Na wewe humezi mpaka nikupe mimi."

"Nikisahau je?"

"Basi jiandae kuoa, mzee. Sijui nani atakutaka na hicho kikohozi cha sigara."

Fundi alicheka, lakini maneno yalimwingia. Kujinyima dawa aliweza. Kumnyima mkewe, hakuthubutu. Na kila alipompa, alipewa. Sigara nazo zikakoma, kwa kununa kwingi. Jioni walirudi nyumbani kwa miguu, majirani wakiwatania, "Maharusi hao!" Miaka ikapita, fundi yu mzima. Hata Kamanda alipolazwa, mumewe alimfuata wodini kila asubuhi, wakapeana.

Sasa shemeji alifungua mkoba, akatoa vidonge vya fundi. "Dada alinisisitiza. Za leo hujameza."

"Za nini tena? Mimi nitampa nani?"

Shemeji akatoa pakiti nyingine mfukoni mwake. "Hizi zangu, za sukari na presha. Nazirukaruka. Zishike wewe."

"Tangu lini unazirukaruka?"

"Usinisimange siku ya msiba, shemeji."

"Nakusimanga. Lete maji."

Wakapeana, wakameza, ndipo wakalia.

Kamanda alizikwa kesho yake mchana. Baada ya sala fundi alisogea kaburini kwa miguu yake, bila kushikwa mkono. Alitupia udongo, akamwambia mkewe asante, akamwomba Mungu ampokee. Kaburi likafukiwa, na watu wakaanza kuondoka.