Pipa la Heringi Nyuma ya Ukuta

Shemeji yangu Oddný akikuambia jambo lolote kuhusu farasi, wewe itika tu. Mimi nimemwoa dada yake, mashamba yetu yanapakana hapa Skagafjörður, na miaka yote hii sijawahi kumshinda kwa mdomo. Ana goti bovu, sauti inayofika ng'ambo ya mto, na farasi majike anaowapenda kuliko sisi ndugu zake.

Majani mabichi yakichipua, utamkuta langoni anagombana nao. Waonje kidogo, warudi kwenye majani makavu, kesho tena kidogo, maana wakiyafakamia kwato zinawauma mpaka hawawezi kukanyaga. Kiangazi tunawapeleka mlimani wakanenepe na kusahau adabu, huku sisi tunakata majani na kuyafunga marobota. Vuli tunawateremsha, tunabishana yupi wa nani, tunakunywa kidogo, tunaimba vibaya. Baridi ikiingia wanabaki nje na manyoya yao mazito, na hapo ndipo Oddný anafungua pipa la heringi za chumvi.

Wengi siku hizi wananunulia farasi tofali la madini walirambe. Oddný hataki hata kusikia. "Tofali ni la kujengea," anasema. "Farasi wangu atakula samaki kama alivyokula bibi yake."

Pipa hilo lilikuwa likikaa juu kilimani, nyuma ya ukuta wa zizi la zamani la kondoo. Mwaka huu goti likamgomea, akaniamuru nilibiringishe mpaka chini karibu na banda. Farasi wote wakalifuata bila maneno, isipokuwa Sóta. Huyu ni jike mzee, chongo, wa mwisho katika uzao ule aliouanzisha mama yake Oddný. Wengine wote wameshakufa. Na baada ya kukaa tasa mpaka tukakata tamaa, kiangazi kilichopita Sóta akashika mimba. Oddný alikuwa akimtembeza kwa maneno matamu, mimi sijawahi kuambiwa hivyo hata siku ya arusi yangu.

Mwezi wa pili dhoruba ya theluji ikatufungia ndani. Ilipotulia, farasi wakaja bandani mmoja mmoja, barafu inaning'inia videvuni. Sóta hakuwepo.

Nilipofika shambani kwake, nilimkuta Oddný ameshika ufito mrefu, anachomachoma theluji kandokando ya mtaro. Mabonde yetu yamejaa mitaro ya kukausha maji, na theluji ikiifunika huoni kitu, ni tambarare tupu. Farasi akitumbukia humo hatoki.

"Oddný, pumzika kidogo."

"Pumzika wewe! Shika ufito!"

Tukachoma mtaro wote wa chini, kisha ule wa katikati. Kila ufito ulipogusa kitu kigumu roho yangu iliruka, tukafukua, ikawa jiwe. Mwishowe Oddný akaketi palepale kwenye theluji. Sijawahi kumwona akiketi kazini.

"Nimemuua mwenyewe, Ketill," akasema. "Alikuwa anashuka kulifuata pipa, na lile jicho lake moja. Nimemuua yeye na mtoto wake, na uzao wa mama umekwisha, kisa goti langu."

Nilitaka kumfariji. Nikauliza tu, "Kwani pipa la huku chini alilizoea lini?"

"Hakulizoea! Hajaonja hata heringi moja. Anasimama kando ananipa mgongo, amenuna tangu..."

Tukatazamana, kisha sote tukageuka kutazama kilimani.

"Alaa!" nikasema.

Wallahi yule mama alipanda kile kilima kabla yangu, na goti lake bovu hilohilo. Mimi nilikuwa nyuma nahema, namwomba asubiri, naye ananiita gunia la viazi. Tukazunguka ukuta wa zizi. Sóta alikuwa amesimama palepale pipa lilipokuwa zamani, ukuta umemkinga upepo, theluji imemfika kifuani. Mzima! Akatugeuzia lile jicho lake kwa hasira, kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.

Oddný akampiga shingoni kwa glovu. "Mjinga wewe! Kichwa kigumu! Mshenzi mkubwa!" Kisha akamkumbatia shingo ileile, akalia kwa sauti, nami nikajifanya nakagua ukuta kwa sababu macho yangu hayakuwa na nidhamu. Tulipomaliza kumfukua aliweka kiganja tumboni pa Sóta, akatulia, akanikodolea macho.

"Amenipiga teke!"

"Nani?"

"Mtoto, nani mwingine! Njoo ushike, we mwanamume mzito!"

Nikavua glovu, nikashika. Nikapigwa teke mimi pia, nikacheka peke yangu kama mlevi. Nilijiona mwepesi, ningeweza kula ng'ombe mzima.

Basi nikadhani tutamshusha Sóta taratibu, twende tukanywe kahawa. Oddný tayari alikuwa anatazama bandani, kule chini kabisa, penye pipa.

"Shemeji," nikasema, "na goti lako je? Kila siku utapanda huku?"

"Goti ni langu," akajibu, huku akifuta pua. "Wewe nenda kasukume pipa."