Hema la Watu Hamsini

Mzee Turubai hakuzaliwa na jina hilo, lakini hata mama yake mzazi, enzi za uhai wake, aliishia kumwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kukodisha mahema. Mtu akioa, akifiwa, akihitimu au akichaguliwa, simu ya kwanza ilikwenda kwa Mzee Turubai, na kabla hujamaliza kueleza shida yako lori lake lilikuwa limeshakata kona ya mtaa wako na vyuma vyake, turubai, viti vya plastiki, kapeti jekundu na spika mbili ndefu kuliko mwenye shughuli. Mtaa mzima ulimheshimu. Mwenyewe alisema bila haya kwamba asingekuwa yeye, watu wangekuwa wanaoana wakiwa wamesimama.

Shida ni kwamba stoo yake ilikuwa nyumba yake. Viti vilipangwa barazani mpaka vikagusa dari. Vyuma vililala kwenye ujia, na anayekwenda chooni sharti anyanyue miguu. Chini ya kitanda cha mume na mke kulikuwa na maua ya plastiki ya meza kuu, maboksi kwa maboksi. Na uani, kila siku ya Mungu, kulikuwa na mtu anagonga nyundo, mwingine anawasha jenereta, na mwingine kashika maiki: haloo, haloo, moja, mbili. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kufika tatu.

Mkewe alikuwa mkunga. Haya, jiulize mwenyewe: mtu anashinda wodini na kelele za wanaoingia duniani, akirudi nyumbani anakutana na kelele za waliokwisha kuingia. Akavumilia. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, kila mmoja chini ya hema la baba yake, bila shaka, na mama yao akavumilia. Halafu akastaafu. Jioni moja akammiminia mumewe chai, akasubiri jenereta izimwe, akasema neno lake.

Wodini, alisema, aliwahi kumzalisha mama mmoja aliyetoka pembezoni mwa jangwa. Mama yule alimwambia kwamba kule usiku ukitulia, unasikia damu yako mwenyewe ikitembea masikioni. Maneno hayo hayakumtoka.

"Nipeleke jangwani, mume wangu," akasema. "Usiku mmoja tu, mimi na wewe. Nataka nisikie kimya."

Mzee Turubai akaweka kikombe chini. Machozi yalimlengalenga, na tusimcheke kwa hilo, maana alimpenda mke wake kwelikweli. Akakumbuka kwamba tangu amuoe, na hata harusi yao aliiona kama kazi, hajawahi kumpeleka popote. Kila mwisho wa wiki alikuwa kwenye sherehe za watu. Kinyozi hajinyoi. Akamshika mkono, akamwambia, "Niachie mimi."

Ole wake mwanamke anayeambiwa "niachie mimi" na mume anayempenda.

Mkewe alifunga mizigo yake hata birika halijachemka: blanketi mbili, kofia ya sufu, dumu la maji, tochi, kiberiti, sufuria ndogo na majani ya chai. Vyote vikaingia kwenye kapu moja na nafasi ikabaki. Akaliweka kapu karibu na mlango, akakaa kungoja.

Mzee Turubai naye akaenda dukani kutazama hema dogo la watu wawili. Muuzaji akalikunjua, likasimama lenyewe kwa vijiti viwili vyembamba. Mzee akalizunguka, akaligusa, akacheka mpaka akashika mbavu. Hiyo ni kofia, alimwambia muuzaji, uza kama kofia. Yeye, fundi wa mahema anayejulikana mtaa hadi mtaa, amlaze mke wake ndani ya kofia? Watu watasemaje? Akarudi nyumbani na kuteua hema dogo kuliko yote aliyokuwa nayo. Hilo lilikuwa la watu hamsini.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa si mambo. Kwenye kazi ya mahema kuna aibu moja tu isiyosahaulika, nayo ni hema tupu. Ukiona hema limesimama na viti havina watu, ujue bwana harusi katoroka au marehemu alikuwa mkorofi. Mzee Turubai akilifikiria lile hema katikati ya mchanga, watu wawili ndani, mwili ulimsisimka kwa fedheha. Hakulala vizuri. Kulipokucha akaanza kualika watu.

Wa kwanza alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye mtaani walimwita Mtaalamu. Huyu hajawahi kuvuka kituo cha mwisho cha basi, lakini runinga yake ilikuwa imemtembeza dunia nzima, na kuhusu jangwa alikuwa hashikiki. Akaja na filimbi, kioo cha kumulikia ndege ziwaone wakipotea, mwavuli, na boya la kuogelea la rangi ya machungwa. Alipoulizwa boya la nini, akajibu kwa masikitiko kwamba wengi wanaokufa jangwani hufa kwa mafuriko. Hakuna aliyethubutu kubisha, maana alilisema kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Kisha akaja jirani wa ukuta wa pili, mama mwenye saluni, na masanduku mawili na viatu vya kisigino. Halafu wanakwaya. Halafu jamaa wa wanakwaya. Wengi wape, alisema Mzee Turubai, usipowapa watachukua wenyewe, na kweli kuna waliokuja kujiandikisha kwa safari ya mahali wasipopajua, mradi wamesikia kuna lori linaondoka.

Watu hawakai chini, kwa hiyo vikaja viti. Viti kwenye mchanga huzama, kwa hiyo likaja kapeti. Watu hunywa, kwa hiyo yakaja mapipa ya maji, na mapipa yakadai meza, na meza haiwezi kukaa uchi mbele ya wageni, kwa hiyo vikatolewa vitambaa na yale maua ya chini ya kitanda. Usiku jangwani ni giza, kwa hiyo ikaja jenereta. Jenereta ile ilikuwa na kichaa chake, haiwaki mpaka isemeshwe na fundi wake, kwa hiyo fundi naye akaingia safarini. Na jenereta ikishakuwepo, jamani, mtu mwenye akili timamu anaachaje spika nyumbani?

Mkewe alikuwa akipita katikati ya rundo lile kama mgeni, akitafuta mahali pa kuweka mguu. Siku moja akamshika mumewe kiwiko, akamwambia taratibu kwamba yeye aliomba kimya. Mzee Turubai akampigapiga mgongoni. Kimya kipo, alimhakikishia, tena hakikusahaulika, kimewekwa kwenye ratiba. Na hakuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mshereheshaji wake, mwanamume ambaye bila maiki pumzi humkata, alikuwa amepanga kila kitu kichwani: ufunguzi, kwaya, neno kutoka kwa majirani, kisha angetangaza kwa spika zote mbili kwamba sasa wote tunyamaze kwa heshima ya mama yetu mstaafu. Muziki laini ungepigwa kwa chini ili watu wasichoke kunyamaza.

Mkewe akaenda kuliangalia kapu lake pale mlangoni. Labda alidhani safari ina mambo yake, wakishafika kule atamvuta mkono, watembee wawili nyuma ya kilima cha mchanga, mbali na wale wote. Ndilo tumaini pekee alilobakiwa nalo, na ndilo lililomfanya asiligomee lile lori siku lilipoletwa mlangoni.

Asubuhi ya safari mtaa mzima ulitoka kushuhudia Mzee Turubai akipakia. Na hapo lazima tumpe haki yake, kupakia alijua. Mahema makubwa yalikuwa yameshakwenda kwenye shughuli za watu, na vyote vilivyobaki nyumbani vikapanda lorini. Vyuma vilitangulia sakafuni, turubai likakunjwa juu yake, mapipa yakabanwa kwenye ubavu wa keni, yaani chumba cha dereva, viti vikalala kifudifudi kimoja ndani ya kingine mpaka ungedhani ni kitu kimoja. Jenereta ilifungwa kamba mara mbili, ya pili kwa ajili ya hasira zake. Mzee alizunguka lori akipiga kila kamba kofi, na kila kamba ikamjibu vizuri. Mtaalamu alivaa boya lake kabisa, tayari kwa lolote. Wageni wakapanda juu, kwaya ikaanza wimbo wa safari njema, mshereheshaji akaiwasha maiki akasema haloo, haloo.

Mzee Turubai akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, uso unang'aa. Akauliza kimebaki nini. Wote wakaangalia huku na huku, wakajibu kwa pamoja kwamba hakijabaki kitu.

Ndipo mkewe alipotoka nyumbani na kapu lake.

Alivaa koti lake la baridi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa keni, akaufungua. Ndani alikaa dereva, na pembeni yake fundi jenereta kakumbatia sanduku lake la spana, na pembeni yake Mtaalamu na boya, ambalo peke yake lilichukua nafasi ya mtu mzima. Kipande cha mwisho cha kiti kilikuwa na koti la Mzee Turubai, kumshikia nafasi. Mkewe akaufunga mlango. Akaenda nyuma, akainua macho. Kule juu watu walikuwa wamekaa juu ya viti, na viti juu ya vyuma, na mama wa saluni kakalia sanduku lake moja na kulipakata jingine. Kwaya ikapunguza sauti, kisha ikanyamaza.

Mzee Turubai alikuwa amehesabu vigingi, kamba, vitambaa na hata vijiko. Safari ni ya mke wake, kila mtu alikuwa ameambiwa hivyo, yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia. Na mke wake hakuna aliyempangia pa kukaa.

Akaanza kuhangaika. Akamwambia Mtaalamu avue boya, Mtaalamu akakataa kwa sababu za kiusalama. Akafikiria kumshusha fundi, akaikumbuka jenereta. Mwisho akageuka, jasho linamtiririka, akamwambia mkewe kwamba kule juu, baina ya spika mbili, kuna kapeti limekunjwa, laini kabisa, angeketi kama malkia.

Mkewe akaziangalia zile spika. Kisha akacheka, si kwa kumkejeli, akacheka tu mpaka akafuta macho kwa kiganja. Akageuka na kapu lake, akaingia ndani ya geti, akalirudishia komeo.

Mzee akamfuata mbio mpaka kwenye geti. Akamuuliza amesahau nini.

"Sijasahau kitu," mkewe akamjibu kutoka upande wa pili. "Hebu sikiliza."

Mzee Turubai akasikiliza. Akachungulia kwenye upenyo wa geti. Baraza lilikuwa jeupe. Ujia ulikuwa wazi mpaka mwisho wa nyumba, na uani, mahali ambapo hajawahi kuona udongo wake kwa miaka, palikuwa na uwanja mtupu na jua limelala juu yake. Hakukuwa na nyundo wala jenereta. Wote waliokuwa wakipiga kelele katika maisha ya mkewe walikuwa wamekaa juu ya lori lake, wamefungwa vizuri kwa kamba.

Aibu ikampanda. Akasema atawashusha wote, sasa hivi, au waende zao na yeye abaki, wakae wawili kama alivyoomba. Na alikuwa anasema kweli.

Komeo likavutwa, geti likafunguka kidogo. Mkewe akatoa kwenye kapu kofia ya sufu, akamvisha mumewe, akaivuta mpaka masikioni alivyozoea kuwavisha vichanga.

"Usiku kule kuna baridi," akasema. "Nenda nao, mume wangu."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia wodini kuwatoa nje waume wanaohangaika mlangoni, sauti ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kushindana nayo. Geti likafungwa, na Mzee Turubai akasikia hatua zake zikienda uani, pole pole, kisha zikakoma.

Akarudi kwenye lori na kofia yake ya sufu katika jua la asubuhi. Hakuna aliyemcheka. Akapanda keni, akajibana kando ya boya. Mshereheshaji kule juu alikuwa akiuliza kama aanze, na Mzee akapiga paa la keni ngumi moja, maiki ikazimwa.

Dereva akamtazama. "Mama haji?"

"Yeye keshafika," akasema Mzee Turubai, akaangalia mbele, na dereva akawasha gari.