Maombi ya Mjerumani

Mimi kanisani sisemi uongo. Lakini chumba cha mikutano cha hoteli si kanisa, au sivyo?

Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika hoteli moja kule Kilimani, Nairobi. Siku hiyo tulikutana na meneja tukitaka jambo moja tu: mama wa kuosha vyombo, mkazi wa Kinoo, arudishwe kazini. Aliomba glavu kwa sababu sabuni ilikuwa inamla mikono. Wiki hiyohiyo akafutwa! Nilikasirika sana.

Chama chetu kilikuwa na mgeni, mzee Mjerumani. Alianza kama fundi wa kuchomelea vyuma, akaongoza chama cha wafanyakazi kwao miaka mingi, mwishowe akachaguliwa kuingia bunge la jimbo. Sisi tukaona, aa, huyu ni kama MCA wetu, mjumbe wa bunge la kaunti, tukamwita Mheshimiwa. Hakupenda. "Niiteni fundi," alisema. Mkalimani wake nilikuwa mimi, maana Kijerumani nilikiokota nikizungusha watalii.

Sasa, kwetu mkutano hauanzi bila maombi, na heshima hiyo hupewa mgeni. Meneja wetu, mtu wa kanisa sana, akasimama: "Mheshimiwa atufungulie kwa maombi." Wote wakafumba macho, hata akina mama wa jikoni waliojaa kule nyuma.

Mjerumani akainamisha kichwa. Akasema kwa lugha yake, polepole, kwa sauti nzito: "Sijaomba tangu ujana wangu. Sijui niseme nini. Nisaidie, tafadhali."

Haki, alisikika kama askofu. Nikatafsiri: "Ee Baba, mlainishe moyo meneja wetu. Mwongoze amrudishe mama yetu wa jikoni Jumatatu asubuhi, bila barua wala maswali."

"Amina!" meneja akanguruma, kwa mazoea tu. Kisha akafumbua macho, akayatoa pima. Wapi! Akina mama wa jikoni walikuwa tayari wanapiga vigelegele. Angeanzia wapi kuikana amina yake mbele yao?

"Majadiliano yanaanza saa ngapi?" Mjerumani akaniuliza.

"Tumemaliza, fundi. Kunywa chai."

Jumatatu mama akarudi. Nikashuka jikoni kifua mbele, nikingoja kusifiwa. Nilimkuta kwenye sinki. Akanipa tabasamu, kisha akainua viganja kutoka kwenye povu, vyekundu, vimepasuka kwenye vidole.

"Asante sana, baba. Na glavu je, mliziombea?"

Nilikuwa nimezisahau.