Mkono Aliouvunja Baba

Kabla sijaitwa kumtunza baba nilikuwa na nyumba yangu Nzega, mume, na shamba la pamba lililozaa vizuri. Mama alipofariki, kaka yangu Petro, karani wa Tabora mjini, aliniambia, "Nenda kijijini Ipole ukae na mzee mwezi mmoja tu, wakati tunajipanga." Nilikaa miaka minne. Mwaka wa pili mume wangu alioa mwingine.

Ujanani baba alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya Waarabu kwa miguu mpaka pwani. Ugonjwa wake ulianza kidogo kidogo. Alikula, kisha akaniuliza kwa nini namnyima chakula. Alisahau kwamba mama amekufa, na kila nilipomwambia alilia upya, mpaka nikaacha kumwambia. Baadaye akawa anajisaidia nguoni. Mimi binti yake nilimwosha sehemu ambazo mtoto hapaswi kuziona, naye akinitukana. Majirani walisema amerogwa, na wengine wakanitazama mimi.

Asubuhi moja alifunga kuni akajitwika. "Msafara unaondoka," akasema. "Nipishe."

"Baba, hakuna msafara. Kaa unywe uji."

Nilisimama mlangoni. Akachukua mchi akanipiga mkononi. Niliusikia mfupa ukivunjika, kisha nikauona, mweupe, umechomoza nje ya ngozi.

Petro alipopata habari alikuja, akanifunga vitambaa mwenyewe. "Hospitali watauliza nani amekupiga," akasema. "Watamchukua mzee wamfungie na wendawazimu. Unaitaka aibu hiyo?"

Nikabaki nyumbani. Siku ya sita mkono ulivimba, ukatoa usaha na harufu, nami nikaweweseka kwa homa. Jirani yetu, mama Nyamizi, ndiye aliyesimamisha lori la asali akanipandisha.

Hospitalini Tabora dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, alifungua vile vitambaa, akageuza uso. "Dada, ungekaa siku mbili zaidi tungeukata." Walikamua usaha, wakanichoma sindano, wakaunga mfupa na kunifunga plasta. Nililala huko wiki saba.

Wiki hizo Petro ilimbidi amchukue baba nyumbani kwake. Niliporuhusiwa nilikwenda huko moja kwa moja. Nilimkuta baba amefungwa kamba mguuni kwenye kitanda, kifundo kimechubuka mpaka nyama inaonekana.

"Wifi, sisi tuna kazi," mke wa Petro akasema. "Huyu anatoroka."

Wiki saba tu!

Baba aliitazama plasta yangu. "Nani amekuumiza, mwanangu? Nionyeshe nikampige."

"Nilianguka, baba."

Nikamfungua kwa mkono mmoja, nikarudi naye Ipole. Alikufa kiangazi kilichofuata. Msibani Petro alisimama akaeleza kwa kirefu jinsi alivyomtunza mzee, na watu wakampa pole nyingi. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali.

Mkono umepona, ingawa haunyooki. Namshukuru Mungu, namshukuru yule dresa, namshukuru mama Nyamizi. Kaka yangu simshukuru. Kanisani wananiambia nimsamehe, bado sijaweza.

Wewe unayemtunza mzee wa namna hii, ukiumia nenda hospitali siku hiyo hiyo, aibu isikuzuie. Nawe uliyemwachia dada yako kazi hiyo, usisubiri msiba ndipo ufike. Nenda ukamwoshe mzee wako kwa mikono yako, hata mara moja, kisha ndipo usimame mbele za watu useme ulimtunza.