Jina la Mama Hadija Hewani

Ilianza jana Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, na naandika mpaka dakika kwa sababu tangu jana hiyo watu wa Rumonge wananisimulia mambo yangu mwenyewe kwa namna saba tofauti, na mimi, ambaye shuleni nanyoosha mkono pale tu ninapotaka ruhusa ya kwenda nje, nimeona bora niyaandike kama yalivyokuwa. Aibu niliipata, sikatai. Ila nitaibeba ile niliyoitafuta mwenyewe, si hiyo waliyoniongezea.

Saa kumi kamili nilikuwa na usaili kwa video na walimu watatu wa shule moja ya ufundi wa kompyuta kule Bujumbura. Nafasi ya msichana wa huku ziwani ilikuwa moja, tulioitwa tulikuwa wawili, na barua ilisema wazi kwamba asiyeonekana kwa saa yake, nafasi inakwenda kwa mwenzake. Ilisema pia tutumie kompyuta, si simu, maana wangetaka tuwaonyeshe kazi zetu. Nilikuwa na laptop aliyoniachia binamu yangu wa Kabezi, nzuri ya kutazama, ila ina tabia yake: inashika rezo, yaani mtandao, dakika tano, inaiachia, inaishika tena, kama mtu anayesinzia kanisani.

Kiwanja chetu kina nyumba tatu na modemu moja, na modemu hiyo inakaa dirishani kwa Mama Hadija kwa sababu ndiye mwenye sola, umeme ukikatika kwake inaendelea. Mama Hadija ni jirani yetu tangu turudi kutoka Tanzania, na siku tuliyofika ndiye aliyetuletea sufuria ya wali (hilo jana nililisahau, ndiyo maana leo naliandika). Kwake kulikuwa na wanawake kumi na wawili wanachambua mchele wa harusi ya Hadija, na simu moja wameiegemeza kwenye bakuli, ndani yake dada wa Mama Hadija yuko dukani Kigoma anawaonyesha vitenge kimoja kimoja. Kila kitenge kikitokea wanabishana na kucheka, na mimi nikaona (nasema niliona, kumbe nilitaka kuona) kwamba kila wakicheka rezo yangu inakatika.

Hapo mtaalamu mimi nikatoa hukumu: wanaila rezo yote.

Mtu mwingine angetembea hatua ishirini akasema, Mama Hadija, naomba mniachie rezo kidogo, nina usaili. Mimi kuingia mbele ya wanawake kumi na wawili na kuomba kitu, heri niende Minago kwa miguu. Nikachukua simu ya Baba (aliiacha ikichaji, akaenda kutafuta mawese), nikaingia kwenye mipangilio ya modemu, nikabadilisha neno la siri ili watoke wote, na kwa kuwa nilikuwa na hasira na hakuna aliyekuwa akiniona, nikabadilisha na jina la rezo. Nikaandika: MAMA HADIJA UNATUMALIZIA REZO. Nilipanga kulirudisha la zamani saa kumi na moja. Nani angeona?

Simu zao zilikatika kwa pamoja, wote wakaingia kutafuta rezo imekwenda wapi, na wote wakalikuta jina pale juu kabisa. Na rezo yetu haikomi uani, inafika mpaka barabarani kwa mafundi baiskeli na kwa muuza chapati.  Kwanza nilisikia sauti moja ikisoma polepole, halafu kicheko, halafu mtu anasema, "Hebu lete nione."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Laptop, ikiwa na simu ya Baba tu kwenye rezo nzima, ikaunganika, walimu watatu wakatokea, nikasema bonjour, na mlango ukafunguliwa nyuma yangu.

"Goreth, miye nimekumalizia nini?" Mama Hadija alikuwa bado na ungo wa mchele mkononi, na wengine wamejaa mlangoni. "Jina yangu iko hewani, mutoto. Muuza chapati ananiuliza kama nimekula na rezo yake."

"Tulikuwa tumefika kwa kile kitenge ya kijani," akasema mwingine. "Kile kijani chenyewe. Ndiyo ukakata."

Mwalimu wa kike mwenye miwani akauliza, kwa Kiswahili, "Kuna nini hapo?"

Mama Hadija akainama mpaka uso wake ukajaa kioo chote. "Amahoro, Mwalimu. Uyu mutoto wenu ananituka mbele ya watu, na modemu iko kwangu."

Mwalimu akafungua mdomo ajibu, akaganda hivyo hivyo, mdomo wazi. Rezo imekatika.

Nikatazama simu ya Baba, pale pale kando ya laptop. Rezo ya modemu ile ile imejaa. Watu wote nimewatoa kwa mkono wangu, hakuna anayecheka, hakuna vitenge, na laptop bado imeiachia. Kwa hiyo kadi ya rezo ndani ya laptop yangu ndiyo mbovu, na nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo ni kugeuza shingo na kutazama simu.

"Ni laptop yangu," nikasema.

"Sema kwa nguvu, wa nyuma hawakusikia," akasema Mama Hadija.

"Ni laptop yangu. Si Mama Hadija."

Iliyobaki ilikuwa njia moja, kuiunganisha kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, na waya wenyewe una urefu wa mkono, na modemu iko dirishani kwa mtu niliyemtukana. Nikamwomba nije nikae kwake.

"Kwanza utoe jina yangu," akasema. "Halafu ukuje."

Nikalitoa mbele yao, nikawatajia neno jipya la siri herufi moja moja (mara mbili, kuna aliyekosa simu ya kuandikia akaazima), nikavuka uwanja na laptop kifuani. Nilikaa mkekani katikati ya mchele, laptop juu ya sufuria iliyopinduliwa. Saa kumi na dakika tisa.

"Umechelewa," akasema mwalimu wa kiume.

"Nilikuwa nimefika," nikasema. "Mliniona."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nikawaeleza yote, jina, vitenge, simu ya Baba, bila kulia. Mwalimu yule akauliza kama kweli niliwatoa watu wote kabla ya kutazama simu iliyokuwa mbele yangu. Nikasema ndiyo, na kwamba sitarudia kuanzia kwa watu kabla ya mashine. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Anamuuliza mara ngapi?"

Wakashauriana. Mwenye miwani akasema, "Unasema kadi ni mbovu, lakini hujaifungua. Kesho kabla ya saa sita mchana tuandikie kasoro iko wapi na umeijuaje. Isipofika, nafasi ni ya mwenzako."

Jioni Baba akasema nisiiguse mashine, nimpelekee fundi, nitaiua. Nikamwitikia ndiyo Baba.

Leo asubuhi, Baba na wengine wa nyumbani walipokwenda misa ya kwanza, nikaazima bisibisi ya cherehani kwa Mama Hadija (akanipa, na kipande cha andazi juu yake) na nikaifungua. Kadi ni ndogo kama kiberiti, ina nyaya mbili nyembamba za kunasa rezo, na mmoja ulikuwa umechomoka, unagusa tu na kuachia. Nikaubana kwa ukucha mpaka ukalia tik. Nikaijaribu rezo saa nzima, huku kwa Mama Hadija wamerudi kwenye kitenge cha kijani na wanacheka kupita jana. Haikukatika.

Nikaandika maelezo yangu, na sikuficha kwamba nilimshtaki mtu bure. Kisha kabla ya kutuma nikaingia kwenye modemu nikabadilisha jina tena: KADI YA GORETH ILIKUWA MBOVU. Jina la mtu mwingine sitaliandika hewani tena maisha yangu. Langu naliandika mwenyewe, wasome mpaka barabarani.

Saa nne na nusu nikatuma. Mama Hadija akatoa kichwa dirishani, simu mkononi.

"Goreth, imetosha, mwana wangu. Toa sasa."

Nikamwambia jina litabaki hapo mpaka harusi.