Tairi Kwenye Sufuria ya Maharage

Shule niliishia la tatu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Jambo lenyewe ni la kinyaa.

Mkwe wangu, mume wa mwanangu wa mwisho, ana baiskeli ya mbio, zile za matairi membamba kama kidole. Kasulu kulikuwa na mashindano, na watakaofanya vizuri wangechukuliwa kwenye timu ya mkoa. Aliyangoja kwa muda mrefu. Siku moja kabla, tairi la nyuma likapasuka akiwa mazoezini. Alizunguka Kibondo nzima akapata moja tu, jipya, gumu, linabana kwenye ringi yake. Akaja nalo kwangu, maana mkewe alikuwa kwangu akisubiri kujifungua.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hatupeani mkono, hatukai mkeka mmoja, na siongei naye ana kwa ana. Ananiita mabukwe, yaani mama mkwe, tena kwa mbali. Basi nikakaa mlangoni mwa jiko, nimempa mgongo, nachambua mchicha, masikio yote kwake.

Tairi likawa linamkataa. Akiingiza upande huu, upande ule unachomoka. Namsikia anahema kama anayepasua kuni. Mara akamwomba mkewe maji ya moto ya kulainishia. Nikadhani yatamiminwa kwenye ndoo. Nilipogeuka, maharage yangu yalikuwa yamepakuliwa kwenye beseni, na ndani ya sufuria, juu ya mafiga, limejikunja lile tairi linachemka. Maji yamekuwa meusi, juu yanaelea mafuta, na jiko zima linanuka kandambili iliyoungua.

Nikamwambia mwanangu, "Mwambie mumeo hilo tairi limetoka stoo, limekojolewa na panya."

Mwanangu akarudia neno kwa neno, ingawa mume alikuwa hapo hapo na masikio yake.

"Mwambie mabukwe limeshachemka, mkojo wa panya umekwisha."

Mwanangu akacheka. Mimi sikucheka.

Akalitoa, bado halikuingia. Akachukua mwiko wangu, wenye ugali wa mchana umegandia, akaanza kubinulia tairi. Akamwagia mawese ya mboga ili liteleze. Likateleza kweli, likamponyoka mikononi. Alipokosa la kufanya akainama akaling'ata kwa meno, mawese yanamchuruzika kidevuni, mate yananing'inia kwenye spoku.

"Mwambie mumeo atoe meno hapo kwenye tairi."

Aliyatoa kabla hajaambiwa, fizi zinatoka damu. Akakaa chini, mikono kichwani, akamwambia mkewe basi, Kasulu haendi tena. Mwanangu akaanza kuinama amshikie gurudumu, na tumbo lile limeshashuka. Nikamkataza. Majirani wote walikuwa shambani. Nani mwingine alikuwepo?

Nikavua kitenge cha mabegani nikakizungushia mikono. Nikaenda kinyumenyume hadi alipo, nikakaa nimempa mgongo, nikapeleka mikono nyuma kama mtu anayefungwa kamba. Nikasema, na hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia usoni, ingawa uso wangu ulikuwa ukutani:

"Kwanza osha huo uchafu. Kwa sabuni."

Akaosha, akakausha. Nikashika upande mmoja usichomoke, yeye akasukuma kwa viganja akizunguka kutoka pande mbili, na mimi nasikia lile joto bovu la mpira linapenya kitenge. Likagoma, likagoma, kisha likaingia, pwa. Nikanyanyuka nikaenda kunawa kwa majivu hadi yakaisha jikoni. Mikono ilinuka vile vile. Usiku sikula.

Alfajiri akaenda Kasulu. Alirudi akiwa amepauka kwa vumbi. Hakuwa wa kwanza, lakini walimchukua. Mkewe akaniletea mwiko mpya na sufuria mpya aliyonunua mumewe. Ile ya zamani nilikuwa nimeshaiweka uani achemshie matairi yake, na mwiko nilikuwa nimeshauchoma.

Yeye akasimama mbali, pale kwenye migomba, akasema mwenyewe bila kumtuma mtu, "Asante, mabukwe."

Nilikuwa nimempa mgongo, napepeta maharage.

"Mwambie mumeo nimesikia," nikamwambia mwanangu.